Aliyeaga na Asiyeaga: Urafiki wa Ofisini katika Parks and Recreation

Jumatatu moja ya mwezi wa pili niliingia ofisini nikakuta meza ya jirani yangu iko tupu. Kikombe chake cha bati hakipo. Kalenda aliyokuwa ameibandika ukutani imeondoka na kuacha mstatili wa rangi safi pale ukuta ulipokuwa haujapata vumbi. Hata zile kandambili za bluu alizokuwa akivaa mvua ikinyesha hazikuwa chini ya kiti. Nilipomuuliza dada anayetuletea chai ya saa nne, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Kaka si kahama? Barua imetoka tangu Januari. Wewe hujui?"

Sikujua. Miaka sita tumekaa meza mbili zinazogusana hapa Mtwara. Tumegawana chapati na mihogo ya kukaanga, tumechangiana misiba, tumefichiana makosa kwenye taarifa za robo mwaka. Amehamishiwa Katavi, upande wa pili kabisa wa nchi, na ameondoka kama anakwenda dukani. Nilinuna wiki tatu. Namba yake ninayo, sikupiga.

Kilichonitatiza ni kwamba mwaka mmoja kabla yake, mwenzetu mwingine alihamia Kigoma. Huyo alilia, tukalia, tukamnunulia vitenge viwili na kumfungashia korosho kilo tatu, na mpaka leo akipiga simu tunacheka hadi salio linakata. Uhamisho ni uleule, umbali karibu uleule. Mmoja bado ni rafiki, mwingine alikuwa anageuka kuwa mtu niliyewahi kufanya naye kazi. Kwa nini?

Jibu, au kipande chake kikubwa, nilikipata mahali ambapo sikupatafuta: kwenye flashi ya mpwa wangu, ndani ya tamthilia ya vichekesho ya Marekani iitwayo Parks and Recreation. Ilirushwa na kituo cha NBC kuanzia Aprili 2009 hadi Februari 2015, misimu 7, sehemu 125. Waliobuni ni Greg Daniels na Michael Schur. Mambo yote yanatokea katika idara ya bustani na viwanja vya michezo ya mji mdogo wa Pawnee, jimbo la Indiana. Mji wenyewe ni wa kubuni, na lile jengo la manispaa linaloonekana kwa nje liko Pasadena, California. Msimu wa kwanza una sehemu 6 tu na mimi ulinichosha. Vumilia, unanoga kuanzia wa pili.

Mtu aliyewahi kufanya kazi halmashauri hahitaji kutafsiriwa. Kuna mkutano wa hadhara ambapo mwananchi mmoja anasimama kuulizia jambo lisilo kwenye ajenda. Kuna bajeti iliyopita na fedha ambazo hazijafika. Kuna bosi anayetaka idara isifanye kitu, na msaidizi wake anayetaka ifanye vyote leo kabla ya saa tisa na nusu. Bosi ni Ron Swanson, ameigizwa na Nick Offerman: mwanamume wa masharubu, fundi seremala, mla nyama, anayeamini serikali haina kazi ya maana duniani na huku analipwa na serikali. Msaidizi ni Leslie Knope, ameigizwa na Amy Poehler, mwanamke anayeipenda kazi yake kiasi cha kuwachosha wenzake.

Kabla ya kuwafuata hawa wawili, tuelewe kwanza kichekesho cha ofisini ni mtambo wa namna gani, maana fundo linaanzia hapo. Vichekesho vyetu vingi huchezwa sebuleni au kijiweni: baba bahili, mke mjanja, mpangaji asiyelipa kodi. Sebuleni watu wamefungwa na damu au ndoa. Shangazi humchagui, lakini pia humhami. Mtagombana leo na Idi mtakula sinia moja. Ofisini mambo yamegeuzwa kidogo tu, na kidogo hicho ndicho kinachobadilisha kila kitu: mwenzako wa meza humchagui, ila yeye anaweza kukuhama. Kila mtu pale ana barua ya kuacha kazi mfukoni, hata kama hajaiandika. Kwa hiyo tamthilia ya ofisini, ikiendelea miaka ya kutosha, lazima ifike kwenye swali moja: watu hawa wanapendana, au wanakaa karibu tu?

Wamarekani wamelichezea swali hilo muda mrefu. Mwaka 1977 tamthilia ya Mary Tyler Moore, iliyohusu chumba cha habari cha televisheni, ilimalizika kwa mwajiri mpya kuwafukuza karibu wafanyakazi wote na kumbakiza yule mtangazaji ambaye kila mtu alijua hawezi kazi. Waliofukuzwa wakakumbatiana katikati ya ofisi kwa kilio na kicheko, wasitake kuachiana. Lakini pale mlango ulifungwa kwa wote siku moja, na huo ndio wepesi wake. Kufukuzwa pamoja hakuvunji urafiki. Kinachoupima ni mmoja kuchagua kuondoka na wengine wakabaki.

Pawnee kuna kuondoka kwingi. Tom Haverford anaacha kazi kwenda kufungua kampuni ya burudani na rafiki yake, inafilisika upesi, anarudi mezani kwake, na hakuna anayemfanyia hesabu. Ben Wyatt anajiuzulu ili Leslie asipoteze kazi, kwa kuwa wamependana na sheria ya ofisi inakataza. Hayo ni maamuzi makubwa lakini hayana utata: mtu anaondoka, sababu inajulikana, anayebaki anajua la kuhisi. Utata uko kwa Ann na Ron.

Ann Perkins, aliyeigizwa na Rashida Jones, ni muuguzi. Anaingia katika hadithi kwa njia ya malalamiko. Nyuma ya nyumba yake kuna shimo kubwa lililoachwa na mkandarasi, mpenzi wake ametumbukia na kuvunjika miguu yote miwili, na Ann anakuja kwenye mkutano wa hadhara kuuliza serikali inafanya nini. Leslie anaahidi palepale kwamba shimo litafukiwa na kuwa bustani. Sisi tunaoketi upande wa meza kuu tunajua ahadi kama hiyo huwa inaishia wapi. Ila Leslie anaishika miaka, na katika kuishika anapata rafiki. Urafiki huu haukuzaliwa kwenye chai ya saa nne. Mwananchi alikuja na kero, mtumishi akaichukua kama yake.

Miaka inapita, Ann na mpenzi wake mpya, Chris Traeger, wanatarajia mtoto na wanaamua kuhamia Ann Arbor, Michigan. Leslie anaposikia hapokei kwa utu uzima hata kidogo. Anakasirika, anahisi amesalitiwa. Yaani ananuna kama nilivyonuna mimi. Lakini angalia: ananuna mbele ya Ann. Wanagombana, wanaambiana maneno, wanamaliza. Muda unaobaki wanautumia kuagana. Katika sehemu ile ya Januari 2014 ambapo Ann na Chris wanaondoka, Leslie anahangaika na makaratasi ili ujenzi wa bustani uanze pale penye shimo kabla gari la Ann halijaondoka. Ukilitazama vizuri, analipa deni. Kilichowakutanisha ndicho anachotaka kukifunga kabla hawajaachana.

Kwetu kuaga ni kazi, na ina taratibu zake. Unapita nyumba kwa nyumba. Unaambiwa "kaa kidogo", unakaa, unapewa maji. Unaulizwa maswali ambayo muulizaji anajua majibu yake: unaondoka lini, utafikia kwa nani, mama umemwambia? Nilizoea kuyaona hayo kama adabu tu. Kumbe ndiyo nafasi pekee ambayo anayebaki anapewa kununa hadharani, kulalamika, kusema "umetutupa", na anayeondoka anapata kujibu. Asiyeaga anamnyima mwenzake nafasi hiyo. Kinachobaki ni mtu mmoja na maswali yake, na maswali yasiyo na mjibuji hujijibu yenyewe, tena kwa jibu baya kuliko yote.

Sasa Ron. Waandishi walifanya ujanja ambao mwanzoni uliniudhi. Mwisho wa msimu wa 6 Leslie anapata kazi kubwa katika Idara ya Hifadhi za Taifa. Kazi ilikuwa ihamie Chicago, yeye akambembeleza bosi mpya hadi ofisi ikaletwa Pawnee, ghorofa ya tatu ya jengo lilelile. Halafu hadithi inaruka miaka mitatu mbele, na msimu wa 7 unapoanza, Leslie na Ron hawasalimiani. Hatuambiwi kwa nini. Tunatajiwa tu jina la jengo, Morningstar, nalo linatamkwa kama jina la marehemu ambaye familia haitaki kumzungumzia.

Baadaye tunapewa sababu ya kwanza. Ron ameacha kazi ya serikali, amefungua kampuni ya ujenzi, na kampuni imejenga maghorofa pembeni ya ile bustani. Ili kuyajenga, nyumba ya zamani ya Ann ilibomolewa. Kwa Leslie hilo ni kama kuvunjiwa kaburi. Mtazamaji anaridhika: hao wamegombana kwa sababu ya nyumba.

Ndipo wenzao wanawafungia usiku kucha ndani ya ofisi ya zamani ya idara ili wapatane wakitaka wasitake. Wanarushiana maneno, wanachoka, na usiku ukiwa mwingi Ron anatoa sababu ya pili, ile ya chini. Leslie alipohamia ghorofa ya tatu, wengine walimfuata mmoja mmoja au wakaenda kwenye mambo yao. Siku moja Ron aliinua kichwa mezani na hakumtambua mtu hata mmoja. Huyu ni Ron, anayedai hahitaji watu. Akapanda ghorofani kumwomba Leslie kazi: kazi ya serikali kuu, kitu ambacho kwa imani yake ni kama sheikh kwenda kuomba kazi baa. Hakuwahi kuomba. Walipanga wakale pamoja chakula cha mchana siku inayofuata kwenye mgahawa wa JJ's, wanapokula siku zote. Leslie alibanwa na kazi akasahau kwenda. Ron alikaa akasubiri, kisha akaondoka. Akaacha kazi na hakusema neno. Nyumba ya Ann ilikuja baadaye kabisa.

Wengi huielezea sehemu hii kama kisa cha rafiki aliyesahau miadi. Mimi naona hapo kuna makosa mawili yaliyokutana, na hakuna moja ambalo peke yake lingefika mbali. Kusahau chakula cha mchana ni kosa dogo, linafutwa na samahani moja na sahani ya pili. Kuwa na uamuzi mzito na kuumeza nayo ni haki ya mtu. Lakini Leslie alisahau miadi ambayo hakujua uzito wake, na Ron hakumwambia uzito huo kabla wala baada. Mmoja akaendelea na maisha akidhani hakuna kilichotokea, na mwenzake akaendelea na yake akiamini amejibiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, tunasema. Hapa mshindo ulikuja kwa umbo la maghorofa.

Kuna kejeli nyingine ya kuitazama. Leslie ndiye mtu ambaye katika tamthilia nzima anahubiri kwamba rafiki anatangulia, vitafunwa vinafuata, na kazi inakuja ya tatu. Anaamini kweli. Ila ukihesabu saa zake, kazi ni ya kwanza kwa mbali sana, na marafiki wanamwona vizuri kwa sababu tu wapo ndani ya kazi hiyohiyo. Ndiyo hatari ya urafiki wa ofisini: kukaa karibu kunakufanya udhani unamhudumia mwenzako, kumbe ni ratiba inayokuhudumieni nyote wawili. Ghorofa mbili tu za ngazi zilitosha kulionyesha hilo.

Nilisimamisha video nikampigia kaka yangu wa Katavi. Saa nne usiku. Tulizungukazunguka kwenye salamu, watoto, mvua. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akacheka kidogo, kisha akasema: "Mdogo wangu, ile Ijumaa nilikuja mezani kwako na barua mkononi. Ulikuwa unaongea na simu. Ukaninyooshea kidole, subiri."

Nilijaribu kukumbuka. Nimenyoosha hicho kidole mara ngapi? Wiki ile tulikuwa na wakaguzi, simu ilikuwa haitui. Alisubiri, akasema, kama dakika kumi, akaona aibu kusimama, akarudi kwenye kiti. Kiti chenyewe kiko hatua mbili kutoka kwangu.

Nimesema Ann na Ron ndio penye utata, lakini yupo wa tatu ninayetaka kumgusa kwa sababu ya neno letu moja. Jerry Gergich ndiye anayechekwa na ofisi nzima. Akiangusha karatasi, wanacheka. Jina lake halisi ni Garry, lakini wamemwita Jerry, kisha Larry, kisha Terry, naye anaitika. Watazamaji wengi wa kwetu wangesema, huo ni utani tu. Huku kusini tunaujua utani, na si huo. Utani wa kweli una pande mbili: mtani wako anakuvamia msibani, anajilaza kaburini akidai alipwe ndipo mzike, na kesho zamu ikifika kwake wewe unamfanyia vilevile. Tena mtani ana wajibu. Kwenye shughuli ya kuzika huwa ndiye wa kwanza kushika jembe. Anayechekwa bila haki ya kucheka hataniwi, anaonewa. Nadhani hata waandishi waliliona, maana walimlipa Jerry kwa njia nyingine: mke mzuri kupindukia, mabinti wanaompenda, umeya wa Pawnee mwishoni, na umri wa miaka 100. Kazini walimpa makombo, nyumbani wakampa kila kitu. Ni yeye peke yake ambaye ofisi haikuwa maisha yake, na ndiyo sababu haikumvunja.

April Ludgate je? Alianza kama mwanafunzi wa mafunzo kazini, binti wa kununa asiyetaka lolote. Leslie akamwona ana kipaji, akamvuta ngazi kwa ngazi hadi kwenye idara yake mpya. Katika msimu wa mwisho April anagundua kwamba kazi anayoifanya vizuri si kazi anayoitaka, na kinachomtisha si njaa, ni kumwambia Leslie. Anayajaribu maneno, yanamkwama. Hatimaye anasema. Leslie anaumia kwanza, kisha anasaidia, na April anaishia Washington akifanya kazi ya kuwasaidia watu wengine kupata kazi zinazowafaa. Ninaitaja kwa kuwa inaonyesha sura nyingine ya kitu kilekile. Kwa Ron, Leslie hakumtazama vya kutosha. Kwa April alimtazama kupita kiasi, ila alichokiona alikuwa yeye mwenyewe akiwa na miaka 25.

Kosa hilo la pili nami nimelifanya, tena baada ya kuangalia tamthilia yote, kwa hiyo siwezi kusingizia kutojua. Watumishi wa umma mnajua habari ya kubadilishana vituo: unatafuta mwenye kada yako aliyeko unakotaka kwenda, naye awe anataka kuja uliko wewe, mnakubaliana, mnaomba. Magrupu ya WhatsApp yamejaa matangazo hayo. "Niko Tandahimba, natafuta wa Moshi." "Niko Nachingwea, natafuta popote Kanda ya Ziwa." Baada ya ile simu ya usiku nilijipa kazi. Nikawa napitia matangazo kila jioni, mpaka nikampata dada mmoja wa kada yetu, yuko hapahapa mkoani, mumewe ni askari Mpanda, hukohuko Katavi, na yuko tayari hata kesho. Nikampigia kaka kwa furaha, na kelele za wauza samaki wa soko la Feri nyuma yangu. Nikamwambia nimekupatia mtu, unarudi Mtwara.

Kimya. Nikadhani mtandao.

"Mdogo wangu," akasema, "ahsante sana. Lakini mimi sijawahi kusema nataka kurudi Mtwara. Mama yuko Tanga, amezeeka, yuko peke yake. Uhamisho niliomba mwenyewe, nikaandika Tanga. Wakanipa Katavi."

Miaka sita, meza zinagusana, na sikujua kwamba mama yake yuko peke yake.

Katika sehemu ya mwisho kabisa, iliyorushwa Februari 24, 2015, Ron anamwendea tena Leslie. Ameachana na kampuni yake na hajui afanye nini na maisha. Ni ombi lilelile la chakula cha mchana kilichosahauliwa, safari hii linasikilizwa. Leslie anampa kazi ya kusimamia hifadhi ya taifa ya Pawnee: miti, ziwa, na watu wachache iwezekanavyo. Tunamwona akipiga kasia katikati ya maji, peke yake, anatabasamu. Ningekuwa mimi ningempa ofisi karibu na yangu.

Yule dada wa Mpanda nimemwomba radhi, na bado anatafuta. Mimi kila jioni napitia tena yale matangazo, sasa nikitafuta mtu wa Tanga anayetaka Katavi. Wa Tanga ni wagumu. Hajapatikana.